Namna ya Kwenda Kuhesabiwa Uchaggani Ukiwa Mwoga wa Watu

Kila mwaka, kuanzia katikati ya Desemba, barabara ya Dar es Salaam hadi Moshi hujaa watu wanaorudi kwao. Mabasi hupita Chalinze, Segera, Korogwe na Same bila hata kiti kimoja kitupu, magari madogo yamefungwa mizigo juu na kujazwa watoto ndani, na watani wetu husema Wachagga wanakwenda kuhesabiwa. Mwongozo huu ni wa yule ambaye hayumo katika msafara huo, au yumo lakini tumbo linamsokota tangu Chalinze. Ni wa yule ambaye homa humshika tarehe 20 Desemba na kumwachia tarehe 2 Januari, kila mwaka, bila kukosea. Ni wa yule ambaye kazi imembana wiki ambayo ofisi yake imefungwa. Ninakuandikia kwa sababu kigoda chako kule migombani kipo, na ninataka ukakikalie.

Hofu yako ni ya kweli, na yeyote anayekuambia "acha kujishaua" hajui anachosema. Chama cha madaktari wa magonjwa ya akili cha Marekani kiliiingiza hofu ya namna hii katika kitabu chake rasmi cha utambuzi mwaka 1980. Moyo unakwenda mbio, viganja vinaloa, sauti inakwama kooni. Usiku wa kuamkia shughuli unapanga utakachosema, na usiku unaofuata unarudia ulichosema, neno kwa neno, ukitafuta ulipoharibu. Kama inakuzuia hata kwenda dukani, kazini au ibadani, nenda hospitali ukaonane na mtaalamu wa afya ya akili. Inatibika, na sehemu kubwa ya tiba yake ni mazungumzo pamoja na kukikabili kile unachokiogopa hatua kwa hatua. Lakini kama ni ile inayokujia pale tu dada yako anapopiga simu na kusema "mwaka huu ukoo mzima utakuwepo", basi endelea kusoma.

Anza Novemba. Mpigie mama, au baba mdogo, akutajie majina: babu yako, baba yake babu, bibi alizaliwa ukoo gani na alitoka kijiji gani, ni nani aliyehamia Rombo na ni nani aliyebaki Kilema. Yaandike. Swali la kwanza utakaloulizwa ukiingia kwenye kihamba, shamba la migomba la ukoo, ni "Wewe ni wa nani?", na huu ni mtihani ambao maswali yake yamevuja tangu enzi za mababu. Ukilijibu vizuri, ukataja baba, babu na ukoo, utaona uso wa mzee unafunguka, kwa sababu amekwishajua pa kukuweka. Baada ya hapo mzigo wa mazungumzo anaubeba yeye. Atakueleza babu yako alivyokuwa, atakuonyesha alipopanda kahawa, na wewe kazi yako itakuwa kuitikia.

Kisha vunja imani moja ambayo washauri wengi huwapa waoga. Mwaka 2000, Thomas Gilovich wa Chuo Kikuu cha Cornell, Marekani, na wenzake walichapisha jaribio ambalo ndani yake mwanafunzi alivalishwa fulana yenye picha kubwa ya mwimbaji Barry Manilow, fulana ambayo kijana wa chuo angeona haya kuivaa, akaingizwa chumbani kwa wenzake. Walioivaa walikisia kwamba karibu nusu ya waliokuwemo wameitambua picha ile. Walioitambua kweli walikuwa kama robo. Tangu hapo waoga huambiwa: watu hawakuangalii kama unavyodhani. Kwa basi la mwendokasi au mkutano wa kazini, hilo ni kweli na linasaidia. Kwa Kibosho, nakuomba usilitegemee. Wale wanafunzi hawakuwa wamembeba baba yake yule kijana mgongoni. Kijijini utaangaliwa. Shangazi atakuona ukiwa bado unashuka kwenye Noah, na kabla hujafika kwenye mfongo, ule mfereji wa maji, nyumba tatu za jirani zitakuwa zimeshapata habari.

Ila angalia anachokitafuta. Anatafuta pua ya babu yako. Anatafuta mwendo wa mama yako, na kama bado una lile kovu la kuanguka kwenye mti wa parachichi. Wewe unafikiri umesimama mbele ya kamati ya usaili, kumbe umesimama mbele ya watu wanaotafuta sura waliyoipoteza. Mimi naamini tofauti hii ndiyo siri yote ya kustahimili Krismasi ya ukoo: macho ya mjini hukupima, macho ya kule hukutambua. Ukishajua hivyo, bado utatetemeka, lakini utatetemeka ukiwa unasonga mbele.

Fika mapema. Mwoga hupenda kuchelewa akidhani ataingia kimyakimya katikati ya kelele, na matokeo yake ni kusimama mlangoni mbele ya watu sitini walioketi, wote wamegeuka. Ukifika asubuhi, kabla chakula hakijapakuliwa, utamkuta mwenyeji na watu watatu wanne. Mwenyeji mara nyingi ni mtoto wa kiume wa mwisho, kwa kuwa kwa desturi ndiye hubaki na nyumba ya wazazi, na siku hiyo ana shughuli nyingi kuliko mikono. Atafurahi kukuona kwa sababu nzuri kabisa: ndoo hazijajazwa. Wengine wanapofika, wewe ndiye unayewapokea, nao ndio wanaotafuta pa kukaa.

Salamu nazo ni rafiki yako mkubwa, kwa sababu zimeshaandikwa. Huhitaji kubuni kitu. Anza na mkubwa kuliko wote, inama kidogo, mpe mkono, "Shikamoo, babu", subiri marahaba yako, uende kwa anayefuata. Usiruke mtu. Mwoga husalimia kwa jumla kutoka mbali, "hamjambo wote", halafu anakimbilia kona, na sasa kila mzee anajiuliza yule aliyeshindwa kunipa mkono ni mtoto wa nani. Kama unajua Kichagga cha kwenu, kitumie, hata kama ni maneno matatu. Cha Machame si cha Rombo, kwa hiyo uliza kwenu wanasemaje. "Aika" ya kushukuru itakufikisha mbali. Ukilitamka vibaya watacheka, na kicheko hicho kina furaha ndani yake, kwa kuwa bibi hakutegemea kusikia neno hilo likitoka kinywani mwa mtoto aliyekulia Sinza.

Sasa tufike kwenye jambo lenyewe, ambalo ningeomba ulishike hata ukisahau mengine yote. Tafuta kazi.

Kusanyiko la Uchaggani halina watazamaji. Kuna mbuzi wa kuchinjwa, maji ya kuchota, kuni za kupasua, viti vya kukodi vinavyotakiwa kushushwa, watoto wanaotakiwa kuondolewa karibu na moto. Mtu asiye na kazi ndiye anayeonekana, kwa sababu kila anayepita humkwepa. Mwenye kazi hana muda wa kujitazama, na hofu yako inakula hasa kwenye kujitazama. Kwa mwoga, kazi bora kuliko zote ni kumenya ndizi. Ndizi za mtori (supu nzito ya ndizi), mshare kwa mfano, huhitajika nyingi mno, kwa hiyo hakuna atakayekuambia zimetosha. Humenywa kwa kukaa, tena kwa duara. Macho yako yanakuwa kwenye kisu, si kwenye uso wa mtu. Mazungumzo yanapita juu ya kichwa chako, na unaweza kuchangia neno moja kila baada ya ndizi tano, na hilo likaonekana ni busara.

Jipake mafuta ya kula viganjani kabla hujaanza, kwa maana utomvu wa ndizi mbichi hugandia ngozi na kuchafua nguo kwa doa lisilotoka. Vaa nguo ambayo hutaililia. Kata ncha mbili, chana ganda kwa urefu, libandue kwa kidole gumba, tumbukiza ndizi kwenye maji isiwe nyeusi. Mwanzoni utakuwa wa polepole, na mama mmoja atakunyang'anya kisu kukuonyesha. Mwachie. Hapo ndipo urafiki wenu unapoanza, na mwakani atakuuliza kama umekuja na kisu chako. Wanaume, msiogope kukaa kwenye duara hili. Ukiona aibu, nyuma ya nyumba kuna mbuzi, na anayechuna daima anahitaji mtu wa kushika mguu. Anayeshika mguu hulishwa kipande cha ini cha kwanza, na hakuna anayemtaka hotuba.

Mchana mbege italetwa. Ni ndizi mbivu zilizopikwa na kuachwa zikachacha, zikachanganywa na kimea cha ulezi, katika kata au siku hizi kikombe cha plastiki, kinachotoka kwa huyu kwenda kwa yule. Mwoga huiona kama mkombozi. Nisikilize vizuri hapa. Mbege ni nzuri, ina historia ndefu kuliko kanisa la kijijini, na kukaa na wazee ikizunguka ni heshima. Lakini ni pombe. Ukiitumia kununua ujasiri, ujasiri huo ni wa pombe, na asubuhi yake unaondoka ukiamini kwamba bila kikombe cha tatu hungeweza kusema neno. Kunywa kwa sababu ya ladha na kwa sababu ya mzee aliyekupa. Kama hutumii, pokea kwa mikono miwili, sema "Asante babu, mimi situmii", mpitishie wa pembeni. Usitunge ugonjwa. Uchaggani pamejaa walokole na watu waliokwishaacha, na jibu la wazi hupita kwa sekunde moja, wakati ugonjwa wa kutunga utakuletea maswali na mizizi ya kuchemsha hadi jioni.

Simu iache ndani ya begi. Mwaka 1995, wanasaikolojia wa Uingereza David Clark na Adrian Wells walieleza kwa nini hofu ya watu hukaa miaka bila kuisha hata kwa mtu anayekwenda kwenye shughuli kila mara: huwa anakwenda na kinga zake. Anakaa karibu na mlango, anashika kikombe kwa mikono miwili kisionekane kinatikisika, anainamia simu kama mwenye dharura. Mwisho wa siku hajadhurika, lakini anaihesabia sifa simu. Hajapata nafasi ya kugundua kwamba bila simu pia asingedhurika. Ndiyo maana nakupa kisu cha ndizi badala yake. Kisu kinakuweka ndani ya duara, simu inakutoa nje.

Baada ya kula, mtu atagonga chupa kwa kijiko na kusema maneno yanayotisha kuliko yote: "Sasa tujitambulishe." Usikimbilie msalani, watakusubiri, na ukirudi utakuwa peke yako kwenye orodha. Mfuate mapema yule anayeongoza shughuli, umwombe akuweke wa tatu au wa nne. Wa kwanza anabeba uzito wa kufungua, na wa mwisho amekaa akichemka kwa saa nzima. Sentensi nne zinakutosha, na uzifanyie mazoezi kwa sauti ukiwa bafuni, si kichwani tu. Salamu ya imani ya nyumba ile: "Tumsifu Yesu Kristu" kwa Wakatoliki, "Bwana Yesu asifiwe" kwa Walutheri. Jina lako, mtoto wa fulani, mjukuu wa fulani. Unapoishi. "Nimefurahi kuwaona, nawatakia heri ya Krismasi." Kaa. Sauti ikitetemeka, iache itetemeke, shika mgongo wa kiti kilicho mbele yako. Wazee watasikia jina la babu yako, watamgeukia jirani yao kusema "si unamkumbuka", na utakuwa umeketi kabla hawajamaliza kunong'ona.

Kisha maswali. Umeoa? Umeolewa? Watoto wangapi? Kazi gani? Mbona umekonda? Jibu fupi na la kweli, halafu rudisha swali: "Bado, shangazi. Hivi wewe na mjomba mlikutana wapi?" Hadithi ya shangazi na mjomba ina urefu wa kutosha kufikia saa ya chai. Watu wazima wengi hawajaulizwa habari zao kwa miaka, na mwenye hofu, ambaye amezoea kusikiliza kuliko kusema, ana kipaji hasa cha kuuliza. Kitumie. Swali ambalo hutaki kulijibu, lijibu kwa "Tuombe Mungu, shangazi", na uinuke kumwongezea chai.

Hapa naomba mashangazi, mama wakubwa na baba wadogo wanisikilize, kwa heshima yote na magoti yangu yakiwa chini. Najua mnauliza kwa upendo, na kwamba swali ndilo mlango mnaoujua. Lakini yule binti mnayemuuliza mbele ya watu ishirini mtoto wa pili yuko wapi, huenda amempoteza mwezi Agosti na hajamwambia hata mama yake. Yule kijana mnayemuuliza kazi, kampuni imempunguza, na nauli ya kuja amekopa. Wengi wa hao mnaosema wamewasahau wazazi hawajasahau. Wanakaa Dar es Salaam Krismasi nzima, wamefunga mlango, kwa sababu ya swali moja walilolipata miaka mingi iliyopita mbele ya sufuria la machalari. Muulizeni akiwa peke yake, njiani kwenda kuangalia ng'ombe. Mbele za watu mwambieni tu mmefurahi amekuja, mpeni mtori. Mgeni mwenye hofu huamua kama atarudi katika dakika kumi za kwanza, na dakika hizo ziko mikononi mwenu zaidi ya zilivyo mikononi mwake.

Kwa wengine hofu ina mzizi mwingine: hukuja msibani, hukujibu simu, kulikuwa na maneno kuhusu mpaka wa shamba. Hapo sentensi nne hazitoshi. Lakini wazee wetu walituachia isale, lile jani la kuombea msamaha, ambalo ni vigumu mno kumkatalia mwenye kulileta. Usilivunje mwenyewe uani ukaingia nalo kama shada la maua. Mtafute mzee mmoja anayekupenda, mweleze, na umwache akuongoze namna na saa yake. Jambo hilo lifanyike kabla ya siku ya karamu, na bora mkiwa watu wachache.

Utachoka. Kukaa na watu kunakula nguvu za mwoga kuliko kupasua kuni, na kupumzika si kukimbia, mradi urudi. Kijiji kimejaa mapumziko yenye heshima. Kuchota maji ni mojawapo, kufuata majani ya ng'ombe ni jingine. Lililo bora ni kumwomba babu akuonyeshe makaburi, kwa kuwa wengi wetu huzikwa palepale kihambani, hatua chache kutoka jikoni. Utatembea na mtu mmoja tu, polepole, ukisikia majina uliyoyaandika Novemba, na ukirudi watakuona umefanya jambo la maana kuliko waliobaki kwenye viti. Vaa viatu vya kukanyagia tope. Mvua za vuli hazijaaga vizuri, na njia zetu zinateleza.

Ukiwa na siku mbili tatu kabla ya karamu, jizoeze kwa vipimo vidogo. Siku ya kwanza, nenda dukani kijijini kununua chumvi na usalimie utakaowakuta kibarazani. Siku ya pili nenda kanisani. Kwa Walutheri, baada ya ibada huwa kuna mnada nje ya kanisa, wa ndizi, mayai na kuku waliotolewa sadaka. Nyanyua mkono mara moja, taja bei, ununue mayai. Watu wote watageuka, utashukuriwa kwa sauti, halafu mnada utahamia kwa jogoo. Dunia itakuwa bado ipo, na wewe utakuwa na trei ya mayai ya kupeleka kwa bibi.

Siku yenyewe, angaza macho nyuma ya zizi, au kwenye ngazi za jikoni, au karibu na gari. Yupo mwoga mwenzako. Kila ukoo unaye: shemeji aliyeolewa mwaka huu, binamu aliyerudi baada ya miaka mingi, kijana anayejifanya anakagua tairi. Mpelekee sahani na usimuulize kitu. Mwambie ndizi bado hazijaisha na kuna kisu cha akiba.

Kuaga kuanze mapema, kwa sababu kuaga kwetu ni karamu ya pili. Saa moja na nusu kabla ya kuondoka, anza na yule yule mkubwa uliyeanza naye kwenye salamu. Utapewa mkungu wa ndizi, parachichi kwenye mfuko na chupa ya maziwa ambayo kifuniko chake hakifungi. Pokea vyote, usihoji vitafikaje Dar es Salaam. Konda wa basi la Moshi ameona makubwa kuliko hayo. Kiti cha kurudi uwe umekata siku nyingi, maana wiki ya kwanza ya Januari hakipatikani. Na kabla hujapanda, chukua namba ya yule mwenzako wa nyuma ya zizi. Mpigie Novemba, tiketi zikiwa hazijapanda bei, umwambie wewe unakwenda, na kwamba kuna baba mdogo anayeweza kumtajia majina.